Wazimu wa Mtu Mmoja kwa Mujibu wa Sheria

Haya hayakutokea kwenu. Nasema mapema ili msomaji asijisumbue kutafuta ramani. Yalitokea katika nchi moja ya mbali sana, ambayo raia wake wana bahati ya kulelewa na Mlezi wa Taifa, mtu mwenye huruma asiyepata usingizi kwa kuwawaza. Na kwa kuwa yeye halali, huko ni utovu wa adabu raia kusinzia kabla taarifa ya habari haijakwisha. Mimi niliishi huko, nikapiga makofi huko, na viganja vyangu ni mashahidi.

Mwaka mmoja Mlezi alisafiri kwenda kwenye mkutano wa mataifa. Wataalamu wa huko wakatundika ukutani orodha ya nchi zote, zimepangwa kwa kadiri watu wake walivyo na furaha. Nchi yetu ilikuwa ya pili kutoka mwisho. Ya mwisho kabisa ilikuwa ile ambayo watafiti walifukuzwa tangu uwanja wa ndege.

Mlezi alirudi amenuna. Kabla hata zulia jekundu halijakunjwa, alishika kipaza sauti akatangaza kwamba tangu saa hiyo ugonjwa wa akili umefutwa nchini.

"Kodi ya kichwa tuliifuta," alisema. "Tutashindwaje kufuta maradhi ya kichwa?"

Tulishangilia. Hoja ilikuwa nzito na askari walikuwa karibu.

Kazi ya kutekeleza tamko hilo alipewa Waziri wa Raha na Utulivu, Mheshimiwa Gwandumi Sakala, mtu mwenye sauti nene na subira nyembamba. Alianza na hospitali ya wagonjwa wa akili. Ilikuwa moja tu, kule Kilima Upepo. Bango la zamani lilipakwa chokaa, juu yake pakaandikwa "Bustani ya Mapumziko ya Wazalendo". Wagonjwa wakaitwa wageni. Dawa zao hazikuagizwa tena, kwani ni mpumbavu gani aagizaye dawa ya ugonjwa usiokuwapo? Fedha zilizobaki zilinunua khanga za kugawa bure, zenye maneno AKILI TUNAZO, WAZIMU HATUNA. Mke wangu alipata doti. Rangi ilichuja siku ya kwanza ya kufua, lakini maneno hayakutoka.

Pale wodini palikuwa na mama mmoja ambaye, akikosa dawa, huona mchwa wakimpanda miguuni. Dawa zilipokwisha, mchwa walirudi. Waziri alipotembelea bustani, mama yule alimshika mkono akamwomba amtolee wadudu. Mheshimiwa alimtazama kwa upendo.

"Mama, mchwa ni dalili ya ardhi njema," alimwambia. "Una bahati."

Waandishi wa habari waliandika hayo yote.

Sasa, nchi ile ilikuwa na daktari mmoja tu wa magonjwa ya akili, na huyo mmoja alionekana kazidi. Aliitwa Daktari Tunu Mlekwa, mwanamke mfupi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi pembeni na mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Harusini watu walimwachia meza nzima, kana kwamba maradhi aliyokuwa akiyatibu huruka kama chawa. Shangazi yake mwenyewe alikuwa akiwaambia majirani kwamba mtoto wa kaka yake ni daktari wa meno.

"Daktari," Waziri alimwambia siku ile ya ziara, "hongera. Kuanzia leo wewe ni mkurugenzi wa bustani."

"Asante, Mheshimiwa. Basi nitahitaji dawa."

"Bustani na dawa wapi na wapi?"

"Hata mchicha hupuliziwa, Mheshimiwa."

Waziri alicheka, akidhani ni utani wa kike. Muda si mrefu masanduku yalianza kuingia kutoka kwa madaktari wenzake Tunu walioko nje ya mpaka, yameandikwa "Mbegu za Mchicha". Maofisa wa forodha waliyapitisha kwa furaha, maana kilimo ndiyo roho ya taifa. Mchwa wa mama yule wakapungua. Waziri akahutubia bunge kwamba tamko la Mlezi limeanza kuzaa matunda.

Hapo ndipo ilipotokea habari ya Idarusi Kapalata.

Idarusi alikuwa msomaji mkuu wa taarifa ya habari katika redio ya taifa. Ilikuwa redio moja, kwa hiyo alikuwa mkuu kweli. Sauti yake ilikuwa nzito, imetulia, kiasi kwamba akitangaza mafuriko ulihisi ni manyunyu. Tulikua nayo. Kuna watoto waliojifunza kusema kwa kumwiga yeye, si baba zao. Wengi wetu hatukuwahi kumwona uso, na tulimdhani jitu. Kumbe alikuwa mtu mwembamba mwenye kigugumizi kidogo, ambacho kilimwachia pale tu alipowashiwa kipaza sauti.

Mvua za mwaka ule ziliingiza kipindupindu mikoa ya chini. Mama yake Idarusi alikuwa akiishi huko, akaharisha usiku kucha, asubuhi akafa. Idarusi alikwenda akamzika, akarudi mjini na udongo kwenye viatu, akaingia studio moja kwa moja. Karatasi aliyowekewa mezani ilisema kwamba uvumi wa kipindupindu ni uongo wa maadui na kwamba hakuna aliyekufa. Aliisoma. Bi Zaituni, mkewe, anasema aliisoma vizuri kuliko siku zote.

Baada ya hapo mtu yule alianza kuisha. Chakula kilimrudi. Usingizi ulimhama. Alikuwa akikaa kitandani mgongo umeelekea ukuta mpaka gari la redio lipige honi, kisha anainuka, anavaa tai, anakwenda kutuambia kwamba bei ya unga imeshuka.

Asubuhi moja, tukiwa kwenye chai, alianza kama kawaida:

"Mlezi wa Taifa leo ameamka akiwa mwenye furaha na—"

Akanyamaza. Tukadhani betri zimekwisha. Watu wakagonga redio zao. Ndipo sauti ikarudi, ndogo, si ile tuliyoizoea, na kigugumizi ndani yake.

"Wananchi, mi-mimi nimechoka. Sijui ninyi wenzangu."

Tukamsikia analia. Hakulia kwa kelele. Alilia kama mtu aliyefungua bomba akashindwa kulifunga. Kisha fundi mitambo akaweka muziki wa gwaride.

Naona haya kusimulia yaliyofuata, kwa kuwa mimi ni raia mwema. Sokoni, muuza nyanya aliyekuwa akinipimia fungu aliacha mkono hewani, akasema, "Hata mimi." Hakuna aliyemuuliza. Mwenye duka la pili akaitikia, "Mimi je?" Kufikia adhuhuri salamu zilikuwa zimeharibika mji mzima. Ukimuuliza mtu "Habari za asubuhi?" alikujibu "Kama za Idarusi", akaenda zake. Serikali ililazimika kukamata watu kwa kosa la kujibu salamu.

Baraza la mawaziri likaingia kikaoni. Tatizo lilikuwa gumu. Kama Idarusi ni mzima, basi amesema kweli, na hilo ni uhaini. Akishtakiwa, kila mtu atauliza amesema nini. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mwendawazimu, maana maneno ya mwendawazimu hayana mwenyewe. Lakini wazimu ulikwisha kufutwa, tena na Mlezi mwenyewe, tena hadharani.

Mheshimiwa Sakala ndiye aliyepata njia. Ulipelekwa bungeni muswada wa Sheria ya Wazimu wa Mtu Mmoja. Ugonjwa wa akili ungeendelea kuwa umefutwa kwa raia wote, isipokuwa Idarusi Kapalata, ambaye aliruhusiwa kuugua kuanzia ile Jumatatu aliyolia redioni hadi Ijumaa. Mbunge mmoja aliuliza itakuwaje kama hatapona Ijumaa. Aliulizwa kama angependa jina lake liongezwe. Alikaa chini, sheria ikapita kwa vigelegele.

Kilichobaki kilikuwa mtaalamu wa kutamka. Wakampeleka Idarusi Kilima Upepo kwa gari la polisi, na Daktari Tunu akapewa amri: amchunguze, kisha Ijumaa asimame mbele ya Jopo la Taifa la Kuthibitisha Akili aseme kwamba mtu huyu ni mwendawazimu. Maneno mengine yasingehitajika.

Daktari alimkuta Idarusi amekaa kwenye kiti cha kamba chini ya dirisha, tai bado shingoni. Bi Zaituni alikuwa kando yake na bakuli la uji lililopoa.

"Dada," Bi Zaituni alisema, "mwambie ale. Mimi hanisikii tena."

Daktari alivuta kiti, akakaa karibu sana, kama watu wanaochambua mboga.

"Kaka Idarusi, nitakuuliza jambo, nawe unijibu bila aibu. Umewahi kufikiria kujiua?"

Bi Zaituni akaziba mdomo kwa ukingo wa khanga. Idarusi alishika fundo la tai.

"Ni-nikiwa naoga," alisema. "Sijui kwa nini nikiwa naoga. Labda ni kwa sababu pale hapana mtu wa kumsomea kitu."

"Asante kwa kuniambia."

"Daktari, nakuomba. Ijumaa sema mimi mzima."

"Wakikuona mzima watakufunga kwa uhaini. Na kwa hali uliyonayo, gerezani hutafika mwisho wa mwezi."

"Na ukisema mimi mwendawazimu, lile neno nililosema litakufa." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Ni-nimesoma uongo miaka yote hiyo, Daktari. Nina neno moja tu la kweli. Moja. Usinifukie nalo."

Daktari Tunu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Bi Zaituni anasema kisha akalisogeza bakuli la uji.

"Una ugonjwa," alisema hatimaye. "Unaitwa sonona. Ni ugonjwa kama kisukari, kama shinikizo la damu. Una dawa, na una mazungumzo, na unachukua muda. Sitaukana ugonjwa wako ili nikuokoe, maana huko kukana ndiko kulikokufikisha hapa. Lakini na neno lako sitalifukia. Sasa kunywa uji."

"Utasema nini basi?"

"Kunywa uji, kaka. Mengine niachie."

Akanywa vijiko vichache. Daktari alifungua sanduku la mbegu za mchicha, akamwanzishia dawa siku hiyo hiyo.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Jopo lilikuwa la watu wazito: kanali mstaafu, bingwa wa itifaki, mshindi wa shindano la utenzi wa kumsifu Mlezi, na daktari wa mifugo, aliyechaguliwa kwa kuwa amewahi kushika ubongo kwa mikono yake. Redio ilikuwa ikirusha kila neno, ili taifa zima limsikie mwendawazimu wake wa pekee.

Hapo lazima nieleze sheria nyingine ya nchi ile, maana bila hiyo hamtanielewa. Ni kosa kubwa kuzima matangazo Waziri akiwa anazungumza. Fundi mitambo aliyetangulia alikula kifungo kwa kuikata chafya ya Waziri katikati.

"Mtaalamu," kanali alianza, "mtu huyu ana wazimu au hana?"

"Neno lenu silitumii," Daktari Tunu alisema. "Idarusi Kapalata ni mgonjwa. Anaugua sonona, na anaugua sana."

Ukumbi ulishusha pumzi. Waziri alisimama kwa tabasamu. "Mmesikia, wananchi! Mtaalamu mwenyewe kathibitisha! Kwa hiyo aliyoyasema—"

"Aliyoyasema ni kweli."

"—aliyoyasema ni... nini?"

"Mgonjwa wa malaria akikwambia nyumba inaungua, Mheshimiwa, utampima homa au utatafuta maji? Alisema amechoka. Amechoka kweli. Alimzika mama yake kwa kipindupindu, akaambiwa asome kwamba kipindupindu hakipo."

"Zima hiyo!" Waziri alipiga kelele. "Zima redio!"

Kule studio fundi alikuwa ameshika swichi, jasho linamtiririka. Waziri alikuwa anazungumza. Angeizima vipi?

"Mwanamke huyu anatukana taifa!" Waziri aliendelea. "Taifa hili halina huzuni! Mimi nawaambia—"

"Lina huzuni kama mataifa yote," Daktari alisema, naye hakupandisha sauti hata kidogo, "na lina wagonjwa kama mataifa yote. Wako wodini kwangu mnawaita wageni. Wako majumbani mwenu, mmewafungia vyumba vya uani. Nawaambia sasa hivi ninyi mnaonisikiliza: ugonjwa wa akili si laana wala si uhaini. Huzuni ya mtu aliyefiwa si ugonjwa, na njaa si ugonjwa, na kuchoka kudanganywa si ugonjwa. Nimesomea kuvitofautisha. Hamtanitumia kuvichanganya."

"Nasema zima!"

"Mheshimiwa, nyamaza wewe kwanza," bingwa wa itifaki alimnong'oneza, akivuta shati lake. "Ukinyamaza ndipo watazima."

Lakini Mheshimiwa Sakala hakuwa amewahi kunyamaza hadharani, na siku hiyo hakujua pa kuanzia. Aliendelea kufoka, na kila alipovuta pumzi Daktari aliingiza sentensi. Idarusi alikuwa amekaa katikati yao, mikono magotini. Aliinamisha kichwa, mabega yakamshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo na mtu mwingine.

Jopo lilikwenda kutafakari likakuta limenasa. Kwa mujibu wa sheria, Idarusi alikuwa mgonjwa mpaka Ijumaa, na mgonjwa hashtakiwi uhaini. Kuanzia Jumamosi alikuwa mzima, na mzima hashtakiwi kwa aliyoyatenda akiwa mgonjwa. Wanasheria wa serikali walibishana hadi mmoja wao akaanza kulia, wakamtoa nje haraka, maana yeye hakuwa na kibali. Idarusi akaachiwa.

Kwa Daktari Tunu walikuwa wepesi zaidi. Alipatikana na hatia ya kugundua ugonjwa bila ruhusa. Alifukuzwa kazi, akakatazwa kukanyaga hospitali yoyote, na bustani ikakabidhiwa kwa bwana shamba. Yule bwana shamba alikuwa mtu mwaminifu. Alipofungua sanduku la mbegu akakuta vidonge, aliuliza wauguzi vinapandwaje, wakamwonyesha ni mgonjwa gani anapewa kipi na saa ngapi. Akaendelea hivyo hivyo.

Daktari alihamia kwa shangazi yake, yule wa meno. Watu walidhani ataomba radhi. Wengi huomba, na fomula yake ni nzuri, hata mimi naijua kwa moyo. Badala yake alitoa benchi barazani, mchana kweupe, mbele ya askari kanzu aliyewekwa kumchunga, akaketi. Askari kanzu akamuuliza anafanya nini.

"Nimekaa kibarazani kwetu," alisema. "Atakayepita tutasalimiana."

Siku za mwanzo hakupita mtu. Kisha alikuja kijana amemshika mkono baba yake, aliyekuwa amefungwa kamba chumba cha uani tangu mwaka juzi. Alama za kamba zilikuwa bado mbichi. Kisha akaja mama mwenye kichanga, asiyeweza kumpenda mtoto wake na anayeogopa kulisema hilo. Kisha wakawa wengi. Shangazi alisaga meno wiki nzima, hatimaye akaanza kuwakorogea uji. Jirani alipomuuliza, alishika kiuno. "Mtoto wa kaka yangu ni daktari wa akili," alisema. "Wako anatibu nini?"

Na Idarusi? Sonona haiondoki kama mgeni anayeaga. Inaondoka kama maji ya mafuriko: yanashuka kidogo, yanapanda tena, na yakishuka yanaacha tope la kuzoa. Palikuwa na wiki alizorudi kugeukia ukuta. Lakini alianza kula, kisha akaanza kulala, na siku moja Bi Zaituni alimsikia bafuni akiimba kwa kigugumizi, akakaa mlangoni akasikiliza mpaka mwisho.

Redio ilimtumia gari kumrudisha kazini, kwani msomaji mpya alikuwa na sauti ya mbuzi na watu walikuwa wakizima. Idarusi alitoka mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Waambieni na-nashukuru," alisema. "Sauti imeomba likizo."

Yeye na mkewe walipanda basi wakaenda mikoa ya chini, wakajengea kaburi la mama. Kwenye saruji mbichi Idarusi aliandika kwa msumari jina la marehemu, na chini ya jina: AMEKUFA KWA KIPINDUPINDU. Mkuu wa wilaya alikuja na watu wa kulivunja. Akakuta kila kaburi la mwaka ule limeandikwa hivyo, safu kwa safu, mengine kwa msumari, mengine kwa mkaa, na wafiwa wenyewe wamekaa juu yake. Akasema kumbe amekosea njia, akageuza gari.

Basi juzi hapa, jua likiwa utosini, gari jeusi lilisimama nyuma ya nyumba ya shangazi. Akashuka Mheshimiwa Gwandumi Sakala, amekonda, macho mekundu, akagonga mlango wa uani. Daktari Tunu alizunguka akamfuata huko. Askari kanzu akatazama mawingu. Mwenye kukaa karibu na kona ya nyumba aliona na kusikia yote.

"Daktari," Waziri alinong'ona, "tangu siku ile silali. Nikifumba macho nasikia nazungumza. Nazungumza tu, siwezi kunyamaza. Nisaidie. Lakini iwe siri yetu."

"Nitakusaidia. Utakayoniambia ni siri. Ila kuja kwako si siri. Pita mbele, ushike foleni."

"Mimi? Na wale? Wataniona!"

"Na wewe utawaona."

Alisimama pale muda, akifungua na kufunga kitufe cha koti. Niliamini atarudi garini. Badala yake alizunguka nyumba, akatokea barazani, na benchi lote likamgeukia. Yule baba wa alama za kamba alimtazama. Mama mwenye kichanga alimtazama. Muuza nyanya alimtazama kuliko wote, maana alilala rumande kwa ajili ya salamu.

Kisha muuza nyanya akajisogeza.

"Kaa, Mheshimiwa," alisema. "Foleni ni ndefu, lakini inakwenda."

Akakaa. Nafasi ilikuwa finyu, ikabidi na wa upande wa pili naye asogee. Najua, kwa sababu aliyesogea ni mimi.